Jino Juu ya Jino

Kisiwa cha Lamèque, kule kaskazini kwenye theluji, wakati Exelda Duguay alipokuwa mwari, kilikuwa na wanawake wengi wenye meno mazuri kupita kiasi. Yalikuwa meupe, yamelingana, hayana doa, na karibu yote yalitoka kwa fundi mmoja wa Shippagan, mji wa ng'ambo. Msichana akishachumbiwa, baba yake alimpeleka kwa daktari akang'olewa meno yote, mazima kwa mabovu, kisha akatiwa ya bandia. Mahari haikuwepo kwao. Lakini baba mwenye kujiheshimu hakumpa mkwewe binti ambaye kesho keshokutwa angeanza kulia na gego na kumwingiza mumewe kwenye gharama. Alimkabidhi akiwa amekwisha tengenezwa.

Exelda aliyajua hayo tangu utotoni, maana dada zake wawili walikwisha pita njia hiyo. Hata hivyo zamu yake ilipofika, mwaka wa 1961, alikuwa na miaka kumi na minane na hakuna jino lililomuuma. Moja la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limeota juu ya jino la pili, kiasi kwamba alipocheka mdomo ulikunjuka upande mmoja kabla ya mwingine. Kuna watu wanaosifu mwanya. Ulysse Noël alilisifu jino lile, ingawa si kwa maneno, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mchezo wa kumtolea macho Exelda kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, mpaka msichana ashindwe na kicheko kimtoke. Hapo Ulysse aliinamisha kichwa kama mtu aliyepata alichokijia.

Majira ya baridi ya mwaka ule Ulysse alikuwa bara, kwenye kambi ya wakata magogo, akitafuta chochote cha kuanzia maisha. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Fidèle Duguay, baba yake Exelda, hakuona sababu ya kungoja.

"Baba," Exelda alimwambia, "niachie hata haya ya mbele. Hayaumi."

"Leo hayaumi. Ukishazaa watatu utakuja kunisimulia."

"Yakiuma nitayang'oa mwenyewe kwa koleo."

Fidèle alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa desturi. "Mimi siuzi farasi kilema. Kesho akina Noël wakisema nimewatupia mzigo, utakwenda kuwajibu wewe?"

Mama yake alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa kuku na viazi. Naye meno yake yote yaling'olewa mwaka alioolewa. "Utazoea, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mwanzoni chakula hakina ladha. Baadaye unasahau kwamba kiliwahi kuwa nayo."

Daktari wa Shippagan alikuwa mzee mpole aliyenukia tumbaku. Alimchoma Exelda sindano za ganzi akaanza nyuma, kwenye magego, akija mbele. Msichana aliishika mikono ya kiti na kuitazama dari, na vichwa viwili vilikuwa juu yake, cha daktari na cha baba yake, vikizungumza bei ya viazi. Daktari alipolifikia lile jino la mbele alisita, akaligonga kwa ncha ya chuma chake.

"Mzizi huu mzuri sana," alimwambia Fidèle. "Hili angezeeka nalo."

"Litoe," alisema Fidèle.

Ulysse alirudi theluji ilipoanza kuyeyuka. Akina shangazi walikuwa wamejazana sebuleni wakimsubiri, kila mmoja amevaa meno yake ya Shippagan. "Mwone mkeo! Kama msichana wa kwenye kalenda!" "Cheka, Exelda, mwenzio aone!" Exelda alicheka, na mdomo ukafunguka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ulysse alivua kofia, akaizungusha mikononi. Alimtazama mdomo, kisha macho, kisha mdomo tena.

"Vizuri," alisema.

Wakaoana. Ulysse alipata kazi ya kuchimba ule udongo mweusi wa kinamasi unaouzwa kwa wakulima wa maua. Exelda aliingia kiwandani, akipakia nyama ya kaa kwenye makopo. Mume hakumpiga, wala hakunywa isipokuwa Jumamosi. Lakini mchezo wa kanisani ulikwisha. Exelda alimsubiri Jumapili ya kwanza baada ya harusi, na ya pili, akimtupia jicho pembeni. Ulysse alikuwa anamsikiliza padri.

Alidhani ndivyo ndoa zilivyo. Akazaa binti, Jocelyne, kisha mimba mbili zikaharibika. Akajifunza kukwangua tofaa kwa kijiko, kukatakata nyama vipande vya kumeza, na kucheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu meno ya chini yalikuwa yanaruka. Mwaka wa kumi na moja wa ndoa yao, siku walipogombana juu ya kuni zilizolowa mvua, Exelda alichoka na ukimya wa mumewe.

"Unanuna nini kila siku, Ulysse? Kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia!"

"Kwani sikuuziwa?" Ulysse alijibu. Alikuwa amechutama mbele ya jiko, amempa mgongo. "Nilimposa msichana mwenye jino juu ya jino. Nilipotoka kambini nikakabidhiwa mwingine."

Exelda alisimama na sufuria mkononi. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeyarudisha?"

Hawakulizungumza tena. Waliishi pamoja miaka mingine zaidi ya thelathini, wakajenga kibaraza, wakabadili magari, na Ulysse akafa kwa moyo, akiwa anakata nyasi mbele ya nyumba. Watu waliokuja msibani walisema hawajawahi kuwasikia Exelda na Ulysse wakigombana.

Ulysse aliacha mjukuu mmoja, binti wa Jocelyne, jina lake Karelle. Meno yake ya ukubwani yalipoota, yalianza kusukumana mdomoni kama watu kwenye mlango wa duka, na upande wa kushoto, jino la mbele likapanda juu ya jenzake. Exelda aliliona kwanza siku mtoto alipokuwa anacheka mbele ya televisheni. Aliinuka akaenda kusimama uani, bila koti, mpaka masikio yakamuuma kwa baridi.

Shuleni walimwita Karelle sungura aliyegongwa na gari. Alipofika miaka kumi na minne hakutaka kupigwa picha tena. Jocelyne alikuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, zamu juu ya zamu, na mumewe alikuwa amekwenda zake magharibi kwenye visima vya mafuta na kusahau njia ya kurudi. Kwa hiyo kazi ya kutafuta daktari ikamwangukia bibi.

Exelda alikaa na simu mezani. Yule wa Shippagan wa siku hizo alikuwa amestaafu bila mrithi. Wa Tracadie hapokei wagonjwa wapya. Karani wa Caraquet alikuwa mcheshi: "Mama, naweza kumwandika, lakini zamu yake itafika akiwa na mvi. Halafu huyo hahitaji daktari wa kuziba matundu. Anahitaji daktari wa kupanga meno. Huyo mpaka Bathurst."

Wakaenda Bathurst, bibi kwenye usukani na mjukuu pembeni ameziba mdomo kwa skafu. Daktari Boudreau alikuwa mtu wa makamo, mzito wa kusema, mwenye mikono mikubwa iliyofanya kazi kwa upole. Alipiga picha za taya, akachukua umbo la meno kwa uji mzito uliomfanya Karelle nusura atapike, kisha wiki nyingine akawaita kuwaeleza. Jocelyne alikuwa kazini.

"Watu wanafikiri waya unalivuta jino kama ng'ombe wa kamba," alisema. "Sivyo. Waya unalisukuma kidogo sana, halafu unangoja. Mfupa ulio mbele ya jino unayeyuka, ulio nyuma yake unajijenga. Jino linatembea ndani ya mfupa. Ndiyo maana ni miaka miwili. Ukilikimbiza, mzizi unakufa."

Exelda, ambaye maisha yake yote alidhani meno yamechomekwa tu kama misumari kwenye ubao, alisogeza kiti mbele. "Na mfupa ambao hauna jino?"

"Huo umekosa kazi, mama. Unaisha polepole."

Exelda alijipapasa kidevu. Kilikuwa kimeingia ndani mwaka hadi mwaka, akidhani ni uzee.

"Sasa," daktari aliendelea, akimwonyesha Karelle sanamu ya plasta ya meno yake, "taya lako ni dogo na meno yako ni makubwa. Watu sita wamekaa kwenye benchi la watu wanne. Nikiyapanga hivi hivi, ya mbele yatasukumwa nje ya mfupa, na fizi zako ni nyembamba. Kwa hiyo kwanza tutatoa magego madogo manne, mawili juu na mawili chini. Nafasi ikipatikana, hili la mbele litashuka mahali pake."

"Yana nini hayo manne?" aliuliza Exelda. "Yameoza?"

"Hapana. Ni mazima."

"Mazima."

"Mazima kabisa, mama, lakini—"

"Karelle, vaa koti."

"Bibi!"

"Nimesema vaa koti. Hakuna mtu atakayeng'oa jino zima kwenye kichwa cha mtoto huyu nikiwa hai."

Daktari Boudreau alisimama. Hakukasirika. "Mama, naelewa zamani hapa kwetu mambo yalikuwaje. Mama yangu mwenyewe..." Hakumaliza, Exelda alikuwa tayari mlangoni, mkono wake umemshika mjukuu begani, na watu waliokuwa wakingoja zamu wakainua vichwa kutoka kwenye magazeti yao.

Jioni Jocelyne alitoka kazini akiwa amekwisha kusikia yote kwa simu.

"Mama, umenitia aibu. Yule ndiye mtu pekee aliyekubali kumpokea."

"Kuna wengine."

"Wako wapi? Huu si mwaka wa sitini na moja! Anang'oa manne ili ishirini na zaidi yapone."

"Hata mzee wa Shippagan alikuwa na sababu zake."

"Sababu gani? Ulishawahi kuniambia?"

Exelda alitandaza kitambaa mezani, ingawa kilikuwa kimetandazwa. "Nitampata mwingine. Nitamwendesha mimi, kila mwezi, hata kama ni Moncton. Wewe hutakosa zamu hata moja."

Jocelyne alikuwa na viatu vya kazini bado miguuni. Aliketi, akavivua, akabaki ameshika kimoja. Hapo ndipo aliposhindwa, si kwa hoja, bali kwa uchovu. "Fanya unavyojua," alisema.

Karelle alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. "Mimi nataka yakae sawa tu," alisema. Hakuna aliyegeuka.

Moncton ni mwendo wa saa tatu barabara ikiwa nzuri. Daktari Sirois alikuwa kijana, meno yake yanang'aa kama vigae vya bafuni, na juu ya kiti cha mgonjwa kulikuwa na televisheni darini. Exelda alimuuliza swali lake kabla hajaketi.

"Kung'oa?" alisema Sirois. "Mambo ya kizamani hayo, bibi. Siku hizi tunapanua taya. Tutayabakiza yote." Kisha akasema, haraka haraka, huku akiandika, kwamba meno ya chini yatakuja mbele kidogo, na kwamba fizi zitahitaji kuangaliwa. Exelda alilisikia neno moja, *yote*, na machozi yakamlenga mbele ya mgeni.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yoyote aliyoijua baada ya ujana wake. Walisafiri pamoja asubuhi na mapema, wakasimama njiani kula supu, kwa kuwa kila waya ulipokazwa Karelle hakuweza kutafuna.

"Sasa tuko sawa, Bibi. Wote hatuna meno."

"Wewe unayo, mpumbavu we. Yanauma tu."

Exelda alimkagua kila usiku kama askari wa forodha: ameswaki, amepitisha uzi, ameondoa mabaki kwenye vyuma. Karanga alizipiga marufuku, na peremende za kunata pia. Siku nyaya zilipotolewa, Karelle alijitazama kwenye kioo cha daktari muda mrefu, akiulamba ule ulaini. Lile jino la kushoto lilikuwa limeshuka, limesimama mstarini kama mengine. Exelda alikuwa amebeba tofaa mkobani. Walipofika kwenye gari alimpa, akamtazama akiling'ata kwa mlio, maji ya tunda yakimchuruzika kidevuni, na bibi akacheka bila kuziba mdomo.

Ni kweli kwamba midomo ya msichana haikufumba vizuri kama zamani. Ni kweli pia kwamba meno yalionekana marefu kidogo. Jocelyne alilisema hilo mara moja, na Exelda akamjibu kwamba wivu si mzuri kwa mtoto wako mwenyewe.

Karelle alikua, akahamia Moncton, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli, mahali ambapo kutabasamu ni nusu ya kazi. Usiku alivaa kishikizo chake cha plastiki, cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, kama alivyoagizwa. Fizi za chini zilikuwa zinashuka, lakini zilishuka taratibu, na fizi hazina kelele. Aliona tu kwamba maji baridi yanampiga, na kwamba kwenye mizizi ya meno kuna umanjano usiotoka kwa mswaki.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, rafiki yake alikuwa anaolewa, na wasimamizi wote wa harusi walikwenda pamoja kung'arisha meno. Haikuwa kwa daktari. Ilikuwa saluni, kati ya kiti cha kope na kiti cha kucha. Binti mmoja aliyevaa glavu aliwapaka dawa nzito, akawawashia taa ya buluu midomoni, akawaambia wasikilize muziki. Wenzake walitoka wanachekeana kwenye kioo. Karelle alitoka ameshika taya kwa mikono miwili. Maumivu yalikuja kama umeme, jino baada ya jino, na fizi ziligeuka nyeupe kama nyama iliyochemshwa.

Alimtafuta daktari siku tatu. Kila simu ilimrudisha kwenye ule wimbo wa kwao, hatupokei wapya, mpaka daktari wa hoteli moja jirani akamwombea nafasi kwa mwanamke mmoja, Daktari Ouellette. Huyu aliketi naye kwa utulivu.

"Ile dawa hupenya kwenye gamba la jino na kulila lile doa lililo ndani," alimweleza. "Jino zima linaweza kuivumilia, ikiwekwa na mtu anayejua, baada ya kuangalia. Lakini mzizi hauna gamba. Wako uko nje. Dawa imeingia moja kwa moja kwenye uhai wa jino. Na hata ungevumilia, mzizi haugeuki mweupe. Ungebaki na rangi mbili." Kisha alipiga picha, akaisogeza karibu na macho. "Uliwekewa nyaya?"

"Ndiyo."

"Hawakukutoa jino?"

"Daktari wa kwanza alitaka. Bibi yangu akakataa."

"Bibi yako ni daktari?"

"Alikuwa anapakia kaa kiwandani."

Daktari Ouellette hakucheka. Alimwonyesha kwenye picha: meno ya mbele ya chini yalikuwa yamesukumwa mpaka ukingoni, na mbele ya mawili kati ya hayo mfupa ulikuwa umekwisha. Fizi zingeweza kupandikizwa kwa nyama ya kaakaa, na kwa baadhi ya meno ingesaidia. Kwa hayo mawili hakuahidi kitu.

Karelle alikuja Lamèque Jumapili bila kutoa habari. Exelda alimwandalia chai, akaweka na maziwa, akatafuta sahani ya biskuti, akiwa na furaha ya mtu ambaye hakutazamia mgeni. Msichana hakuvua koti. Aliuvuta chini mdomo wake kwa kidole.

"Angalia, Bibi."

Exelda alivaa miwani akaangalia. Meno mawili yalikuwa yamesimama marefu, uchi, kama nguzo za gati maji yakipwa.

"Haya yatatoka," alisema Karelle. "Daktari anasema labda miezi, labda mwaka. Yatatoka yenyewe."

"Huyo binti wa saluni..."

"Si saluni. Saluni ilinifumbua macho tu. Ni yale manne. Yangetolewa yale manne, haya yangekaa."

Exelda aliketi. "Mimi nilitaka ubaki na meno yako yote."

"Nimebaki nayo yote, Bibi. Umeona yalivyobaki?"

"Yule wa Moncton ndiye aliyesema inawezekana! Angesema hapana, ningesikia."

"Ungesikia?" Karelle alicheka vibaya. "Ungenipeleka Québec. Ungenipeleka mpaka umpate wa kukuambia unachotaka. Kuna siku uliniuliza mimi? Nilikuwa nimekaa pale, mdomo wazi, na ninyi mnazungumza juu ya kichwa changu."

Dari ya Shippagan ilikuwa haijamtoka Exelda akilini hata siku moja, na vichwa viwili juu yake. Hakuwahi kujiona yeye ndiye kichwa kimojawapo.

Akamsimulia, basi. Alisema yale ambayo hata Jocelyne hakuwahi kuambiwa: mzizi mzuri, baba yake na lile neno lake moja, na maneno ya Ulysse mbele ya jiko la kuni. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha, meno ya chini yakimgongagonga. "Babu yako alikuwa akilipenda lile jino langu," alimaliza. "Nawe ulikuwa nalo lile lile."

Karelle alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulilainika kidogo, kisha ukajifunga.

"Pole, Bibi. Kweli, pole. Lakini lile lilikuwa jino lako. Kwa nini nililipie mimi?"

"Mwanangu..."

"Na bado ulilinyoosha. Kama babu alilipenda hivyo, ungeniacha nalo."

Karelle aliinuka akatoka, na Exelda akabaki na sahani ya biskuti. Alisikia mlango wa gari. Chai ilikuwa haijaguswa.

Fizi zilipandikizwa mara mbili. Meno mawili yalitolewa mwaka uliofuata, na Jocelyne ndiye aliyeomba ruhusa kazini akaenda kukaa naye. Exelda aliuliza kama aje. Akaambiwa chumba cha kungojea ni kidogo. Karelle alitengenezewa kibamba chembamba chenye meno mawili, cha kuvaliwa mpaka mfupa utakapoonekana kama unaweza kubeba kitu cha kudumu. Hotelini alirudi kazini. Kwa bibi yake alipiga simu siku za sikukuu, akauliza habari za mgongo na za theluji, kama mtu anayesoma maswali.

Krismasi iliyofuata alikuja na mama yake kula pai ya nyama. Walikula. Waliongea juu ya jirani aliyeuza shamba. Baada ya chakula Karelle aliinuka akaenda bafuni, na Exelda, aliyekuwa akipita na sahani, akasikia maji yakifunguliwa, kisha ule mgongano mdogo wa plastiki kwenye sinki. Akasimama nje ya mlango.

"Usitumie maji moto," alisema. "Yanakipinda."

Maji yalifungwa.

"Najua, Bibi," sauti ilisema kutoka ndani. "Waliniambia huko huko."

Akatoka, midomo imefumbwa, akasaidia kufuta vyombo viwili vitatu, kisha akatazama dirishani na kusema afadhali waondoke kabla giza halijaingia. Alimbusu bibi yake mashavu yote mawili, haraka. Akatangulia kuwasha gari ili lipate moto.

Jocelyne alichelewa mlangoni akitafuta glavu zake. "Amekwambia nini kule bafuni?" aliuliza.

"Hajasema kitu," alisema Exelda. "Chukueni na pai iliyobaki. Mimi hainishuki."